Hotipoti Niliyobeba Kwenda kwa Mama Mkwe

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya watoto, Bukoba mjini, nikisubiri jina la binti yangu liitwe. Dada mmoja aliyekaa pembeni yangu alikuwa na mtoto asiyetulia hata kidogo, na mkoba wenye hotipoti ndani. Nilipoiona ile hotipoti nilijua habari yake kabla hajafungua mdomo. Akanisogelea na kuniuliza taratibu kama sisi sukari tumeshaacha. Kisha akauliza maziwa. Kisha mayai. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na humo ndani majina ya vyakula yamekatwa kwa wino mwekundu. Kabla sijamjibu la maana tukaitwa, na nilipotoka alikuwa ameshaingia chumba kingine.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wenye karatasi kama ile. Mimi si daktari wala mtu wa lishe. Nina duka dogo la steshenari karibu na stendi, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Ninachokijua ni kilichotupata sisi tu, na sehemu kubwa ya hicho sijivunii.

Binti yangu ni Kokugonza, nyumbani tunamwita Koku. Tunaishi Kibeta. Baba yake, Deo, ni fundi umeme. Koku alianza kutembea akiwa na miezi tisa na nadhani tangu siku hiyo hajakaa. Ukimpa sahani ya ndizi atakula matonge mawili, akumbuke kuku, aende kuwaangalia kuku, aione ndoo, aingize mkono kwenye ndoo, na wewe utamkuta nusu saa baadaye juu ya mparachichi, sahani imeshaliwa na hao kuku. Aliungua mkono mara mbili. Alivunjika kidole. Mimi nilikuwa nacheka na kusema amefanana na baba yake, mpaka alipoingia darasa la kwanza na kicheko kikaisha.

Mwalimu alikuwa akiandika kwenye daftari kila siku. Koku amesimama wakati wa hesabu. Koku ametoka nje bila ruhusa. Koku amekula penseli. Wazazi wengine waliomba watoto wao wasikae naye. Jirani mmoja aliniambia kwa huruma kabisa kwamba fimbo ingesaidia, na nikiri kwamba niliijaribu, nikaishia kulia mimi kuliko yeye.

Ndipo tukaanza kwenda hospitali. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye foleni ya kliniki na mtoto wa namna hii hawezi kujua jinsi saa tatu zilivyo ndefu. Koku alipita chini ya benchi zote. Alifungua mlango wa maabara. Alimuuliza mzee mmoja mguu wake umeenda wapi. Nilikuwa naomba radhi kulia na kushoto, na macho ya watu yalikuwa juu yangu, siyo juu yake. Mara ya tatu daktari, kijana mpole wa maneno machache, akatupa jina la hali hiyo, ADHD, yaani mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili. Akasema si ukorofi, si malezi mabaya, na hakuna mtu aliyemtupia mtoto kitu. Akatuelekeza tumpe maagizo mafupi, alale mapema, akae dawati la mbele, asiende shule bila kula. Dawa tusubiri kwanza. Turudi baada ya mwezi.

Nilitoka pale mikono mitupu. Sijui kama wengine mtanielewa. Nilitaka chupa, nilitaka vidonge, au nilitaka mtu wa kumlaumu. Nikaambiwa mtoto ale asubuhi, jambo ambalo hata mama yangu angeniambia bila foleni.

Wiki ileile, kwenye kundi la wazazi la simu, mtu akatuma sauti. Ilikuwa ya mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, sauti tamu, yenye uhakika. Alisema watoto wetu hawana ugonjwa wowote, tunawalisha ugonjwa. Akataja soda, pipi na juisi za rangi. Nikaziondoa, na kwa hilo sijuti mpaka leo. Wiki iliyofuata akataja maziwa na ngano. Kisha mayai. Kisha maharage, samaki na nyama, eti vinachemsha damu ya mtoto. Niliisikiliza ile sauti dukani huku natoa kopi, nikairudia nyumbani huku namenya ndizi. Nikakata kipande cha boksi la karatasi za kopi, nikaandika orodha, nikaigongomea ukutani jikoni. Mimi mtu wa kuchapa barua za wengine, hatimaye nilikuwa na barua yangu.

Siku za mwanzo Koku alionekana ana nafuu. Ilikuwa likizo, hakuna shule, hakuna daftari la mwalimu, anashinda shambani anakimbia. Sikuliwaza hilo. Nilisema orodha inafanya kazi.

Ukafika msimu wa senene, wale panzi tunaowala kwetu. Nani wa kwetu atakaa ndani wakati wa senene? Alfajiri watoto wa Kibeta wote walikuwa barabarani chini ya taa, na Koku, ambaye hawezi kukaa dakika tano, alikaa amechuchumaa kwenye majani yenye umande saa nzima, anawashika mmoja mmoja na kuwatia kwenye sketi yake. Alikuja mbio, sketi imejaa, anacheka. Kwenye orodha yangu hata senene ni nyama, nikawamwagia kuku senene wote mbele yake. Hakulia. Alisimama tu anawatazama kuku wanavyogombania. Deo alishuhudia, akaondoka bila kuniaga, na mwezi ule wote yeye alikula senene wake kazini.

Sasa nifike kwenye hotipoti.

Mama yake Deo alikuwa akiishi peke yake Muleba, upande wa Rubya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na mumewe. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na mcheshi wa kimyakimya. Koku alikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kike na walifanana hata mwendo. Kila Krismasi tulikwenda kwake. Mwaka ule, asubuhi ya safari, nilichemsha ndizi tupu, nikaweka na parachichi, nikafunga kwenye hotipoti yangu ya kijani na kuiweka mapajani mpaka Rubya. Deo aliniuliza hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni ya mtoto. Akasema, "Usiingie nayo kwa mama." Nikamjibu kwamba siyo yeye anayesikia malalamiko ya mwalimu.

Kwa wasomaji wasiotoka kwetu, nieleze. Ukifika nyumbani kwa Mhaya, kabla ya lolote unaletewa akamwani, kahawa iliyochemshwa na majani yake ya harufu na kukaushwa, ya kutafuna. Inakuja kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Unachukua, unatafuna, na hapo umekaribishwa. Kukataa chakula kwenye nyumba ya mtu ni jambo zito. Kwenda na chakula chako ni zito zaidi, kwa sababu kuna sababu moja tu ambayo watu wataifikiria, nayo ni kwamba unaogopa kilichomo kwenye chungu cha mwenyeji. Nayajua haya tangu utotoni. Nilizaliwa Kitendaguro, hukuhuku Bukoba, siyo Ulaya.

Mama mkwe alitupokea uwanjani. Alikuwa na wageni, akinamama watatu wa jumuiya yake ya kanisani, akiwamo jirani yake wa karibu, Mama Salome, ambaye ulimi wake haulali. Kikapu kikapita. Koku akanyoosha mkono, kwa sababu bibi yake alikuwa na kawaida ya kumpa punje mbili tatu, nami nikaushika ule mkono na kuurudisha. Mama mkwe akacheka, akadhani natania. Kisha chakula kikaja, ndizi zilizopikwa na njugumawe, samaki wa kukaushwa, na yai moja la kuchemsha ambalo alikuwa amelitenga kwenye kibakuli cha Koku peke yake. Mimi nikatoa hotipoti, nikaifungua juu ya mkeka wake.

Watu waliacha kutafuna.

"Mukamwana," aliniita. Ndivyo mkwe anavyoita mke wa mwanawe kwetu. "Hicho ni cha nani?"

"Cha mtoto, mama."

"Na hapa kwangu kuna nini?"

Ningeweza kusema ukweli, kwamba nimesikia kwenye simu. Niliona aibu. Nikasema ni masharti ya daktari. Daktari hakuwahi kusema hivyo. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akalichukua lile yai, akalifunika kwa jani la mgomba na kulirudisha ndani. Tulikaa siku tatu, kila asubuhi nikichemsha ndizi nyingine, na kila mlo Koku alikula kwenye hotipoti, akiwa amempa bibi yake mgongo kwa sababu nilimgeuza mimi, asitamani.

Nilipata kujua baadaye kilichotokea. Mama Salome alisimulia, na kila aliyesimulia akaongeza kidogo. Mkwe wa mjini amembebea mtoto chakula. Mkwe wa mjini amejua kitu. Mtoto yule ana kichaa, na kichaa hakiji bure, kina mtu aliyekileta. Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwa mama mkwe, walikuja, walisali, na kikapu cha akamwani kilipozunguka kila mtu alisema meno yanamuuma. Bibi wa miaka sabini aliyelisha misiba na harusi za kijiji kile akabaki na sufuria yake imejaa. Deo aliambiwa na binamu yake. Aliniambia jikoni, amesimama mbele ya orodha yangu, na hakupandisha sauti. Alisema, "Umemwita mama yangu mchawi." Nilikasirika sana. Nilisema mimi sikumwita mtu chochote, mimi namponya mtoto. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo tulizungumza mambo ya maji na umeme tu.

Masika yakaja na Koku akaanza kutulia.

Mwalimu aliniandikia ujumbe kwamba siku hizi mtoto anakaa, hasumbui, anainamisha kichwa mezani na kukaa kimya. Nilifunga duka mapema siku hiyo. Nilipiga magoti pale nyuma ya mashine ya kopi nikamshukuru Mungu na kulia kwa furaha. Nilirusha ujumbe ule kwenye kundi la wazazi, nikapigiwa makofi ya picha. Nilitaka hata kumtumia mama mkwe, aone.

Bado napata shida kuandika sehemu hii. Mwanangu alikuwa ametulia kwa sababu alikuwa anaisha. Nguo zilikuwa zinamvuka mabegani na mimi nilisema anarefuka. Nywele zilikuwa nyepesi, za rangi ya kutu. Viganja vyake vilipauka, na ulimi pia. Alipanda kilima cha kutoka barabarani kwa kupumzika mara tatu, yeye aliyekuwa akikipanda kwa kurudi nyuma ili anicheke. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba anakwangua ukuta wa jiko la udongo na kuula ule udongo. Nikamsafisha mdomo na kumgombeza. Udongo haukuwa kwenye orodha, na hata hapo sikushtuka.

Kwenye kliniki nilikuwa nimeacha kwenda. Niliona sina haja ya foleni tena.

Likizo ya mwezi wa sita Deo alimchukua Koku akampeleka Rubya bila kuniomba. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Aliniachia maneno kwamba mtoto anakwenda kwa bibi yake na hotipoti nibaki nayo. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu akanipigia, na kwa namna alivyotaja jina langu tu nikakaa chini. Koku alikuwa anachuma kahawa na bibi yake, yeye matawi ya chini, bibi ya juu. Akasema anasikia kizunguzungu, akaanguka. Bibi alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Nilifika hospitali ya huko mchana. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda viwili viwili vimekaribiana, na akinamama wamekaa kwenye kanga sakafuni. Koku alikuwa amelala na mrija mkononi, chupa ya damu imetundikwa juu yake, na uso wake ulikuwa kama si wake. Alikuwa ametulia kabisa. Nilisimama pale nikautazama ule utulivu niliouomba mwaka mzima.

Daktari wa pale, mama wa makamo, aliniuliza mtoto anakula nini. Nilianza kumjibu kwa ufasaha, maana orodha niliijua kwa moyo. Nikataja tulichoacha kimoja kimoja. Nilipofika kwenye maharage sauti ilianza kupungua, na nilipofika kwenye dagaa ikakatika. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alisema kupunguza soda na pipi si vibaya. Alisema wapo watoto wachache ambao chakula fulani kweli huwasumbua, lakini hilo huangaliwa na mtaalamu, kimoja kimoja, kwa muda, na kingine huwekwa badala yake. Chakula hakikumletea Koku hali yake na hakitaiondoa. Ila mtoto mwenye njaa na asiye na damu hawezi kusikiliza mwalimu, awe na hali hiyo au asiwe nayo. Kisha akaniuliza ni nani aliyeniambia. Nikasema ni sauti tu.

Saa moja baadaye mama mkwe akaingia na kikapu chake kichwani. Alikuwa amepika. Kwenye hospitali zetu ndugu ndio wapishi. Alitoa bakuli la ndizi zilizopondwa na dagaa, laini, zinafuka moshi. Alinigusa bega. Akamwinua Koku na kumwegemeza kwenye mto. Akachota kijiko.

Kile kijiko hakukipeleka kwa mtoto. Alikipeleka mdomoni mwake, akatafuna, akameza, huku ananitazama mimi. Akasubiri kidogo. Kisha akachota cha pili na kukishika hewani, akangoja nimruhusu.

Nimepitia mengi tangu hapo, na nimezika watu. Hakuna kilichonikata kama kijiko kile. Ndipo nilipoelewa kwamba yote yaliyosemwa alikuwa ameyasikia, na kwamba miezi yote ile alikuwa amekaa peke yake kwenye nyumba yake akijiuliza kama mimi ninaamini. Nilisema tu, "Mpe, mama." Akampa. Koku alikula bakuli lote, na baada ya kijiko cha nne hakuna mtu aliyekuwa anaonja tena.

Tulikaa wodini siku nane, kisha dawa ya maji ya kuongeza damu, iliyomfanya awe na meno meusi, tukaendelea nayo miezi mitatu. Nikuambie jambo moja wewe dada wa karatasi ya kukunja. Siku ya sita asubuhi muuguzi alikuja kunilalamikia kwamba mtoto wangu amepanda juu ya chuma cha kitanda na amezungusha gurudumu la meza ya dawa mpaka likatoka. Nilimwomba radhi vizuri sana, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi na kulia. Koku alikuwa amerudi, na ugonjwa wake wote.

Mama mkwe aliomba abaki naye mpaka shule ifunguliwe, nami nikakubali, nikawa naenda kila Ijumaa. Nilijifunza mengi kwenye lile jiko. Bibi hakumlazimisha akae ndipo ale. Alimpa ndizi na kipande cha samaki mkononi akamtuma akafunge mbuzi, aliporudi akampa yai, akamtuma kuni, aliporudi akampa maharage kwenye kikombe. Mtoto alikuwa anakula mlo mzima bila kujua kwamba amekula. Kabla ya kumwambia asome, alimlisha kwanza. Daktari alipoeleza kwamba chai na kahawa zikae mbali na mlo, na kwamba akamwani si ya mtoto, alikubali bila ubishi, akamwambia Koku atazipata akishakua mkubwa, na badala yake akawa anampa karanga. Yeye aliambiwa na daktari mara moja tu na akatii. Mimi niliambiwa na daktari, nikamtii mtu wa kwenye simu.

Boksi la orodha nililichoma siku tuliyorudi Kibeta. Tukarudi pia kwenye foleni ya kliniki, kwa yule kijana mpole, na nikamweleza kila kitu. Sasa Koku ana dawati la mbele, ana mwalimu mwenye moyo, na asubuhi hatoki bila uji wa maziwa na kitu cha kutafuna. Kuna siku nzuri. Siku mbaya ni nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Ila siku mbaya yenye tumbo lililoshiba ni fupi zaidi, hilo naweza kulisema.

Samahani kwa mama mkwe niliisema, jikoni kwake, tukiwa wawili. Aliniambia kwa neno letu la heshima, "Waitu, mukamwana, ulikuwa unampenda mtoto." Lakini nilijua haitoshi. Niliyafanya mbele ya watu, na ilibidi niyafute mbele ya watu. Nilipanga zamu ya jumuiya itakapofika kwake tena niwepo, nile kwanza, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya kuhusu daktari na kwamba nyumba ile haina doa. Nilimwambia nitakuja msimu wa senene, nitaleta senene wa Kibeta. Akasema atangoja. Ningeweza kwenda wiki ileile. Kulikuwa na mitihani ya mashule, watu wengi wa kutoa kopi, nikasogeza.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza, kabla ya senene. Presha, walisema. Jirani alimkuta amekaa mlangoni, na jirani huyo alikuwa Mama Salome.

Tulimzika kibanjani, kati ya migomba, mvua ikinyesha. Watu walijaa. Baada ya maziko walikaa uwanjani chini ya turubai, na nikaona jambo ambalo labda ni mimi tu niliyeliona. Waliopika ni ndugu wa Deo, na chakula kilichotoka nyumba za jirani kililiwa. Kile kilichopikwa kwenye jiko la marehemu kilikaa bila kuguswa.

Niliingia ndani. Kikapu cha akamwani kilikuwa mahali pake, juu ya kabati, kimejaa. Alikuwa ameandaa akamwani na hakuna aliyekuja kuila. Nikatoka nacho, nikasimama katikati ya turubai. Nilisema kwa Kihaya, maana Kiswahili kingekuwa cha kujificha. Nilisema mimi ndiye niliyebeba chakula kuja kwenye nyumba hii. Nilisema hakuna daktari aliyenituma, nilidanganya. Nilisema mtoto wangu aliugua kwa mkono wangu na akapona kwa mkono wa mama huyu. Nikachukua punje, nikatafuna.

Koku alikuwa amezunguka turubai asubuhi nzima, watu wamemkemea akae, hakukaa. Akaja akachukua kikapu mikononi mwangu. Akaanza upande wa wazee. Alisimama mbele ya kila mtu, akapiga goti kama bibi yake alivyomfundisha, akangoja mpaka mkono uingie kwenye kikapu, ndipo akaenda kwa mwingine. Hakuruka hata mmoja. Watu walikuwa wengi, na mtoto mwingine angechoka njiani. Mama Salome alikuwa mwisho wa benchi la akinamama. Koku akapiga goti, akangoja. Mama Salome alikitazama kikapu muda mrefu, kisha akachukua punje tatu, akatia zote mdomoni, akajifunika uso kwa kanga.

Koku alinirudishia kikapu kikiwa na punje chache chini. Nikamuuliza kama yeye hataki hata moja, leo tu.

"Bibi alisema mpaka nikue," alinijibu, akafunika mfuniko vizuri, akakimbilia mvuani.